Kulinda Mishipa ya Damu ni Kulinda Kumbukumbu

Matini ya mazungumzo ya afya kwa kaya zinazozungumza Kiswahili, Dubai Silicon Oasis

 

Nawashukuru kwa kuitoa jioni yenu ya mapumziko. Najua wapo waliotoka zamu ya usiku na wapo watakaoingia zamu baada ya hapa, kwa hiyo nitaingia moja kwa moja katika jambo lililotukutanisha.

Wengi wetu tulioketi hapa tuna umri wa kati ya miaka 30 na 55. Tumekuja Dubai kutafuta riziki. Tunajenga nyumba, tunasomesha watoto, tunawatunza wazazi kwa fedha tunazotuma kila mwezi, na mipango yetu yote inauelekea wakati tutakaporudi kwetu na kutulia. Jambo nitakalolisema linahusu akili ambayo wakati huo utaihitaji. Sehemu kubwa ya maradhi yanayowaondolea wazee kumbukumbu inahusiana na mishipa ya damu. Uharibifu wa mishipa hiyo huanza miaka mingi kabla ya dalili kuonekana, yaani katika umri huu tulio nao sasa. Na mishipa ya damu, tofauti na umri wenyewe, inaweza kulindwa.

Demensia ni nini

Kila mtu husahau. Kuutafuta ufunguo ulio mkononi, au kuchelewa kulikumbuka jina la jirani wa zamani, si ugonjwa. Demensia ni jambo jingine. Ni hali ambayo maradhi ya ubongo humpunguzia mtu uwezo wa kukumbuka, kufikiri, kupanga na kuamua, kiasi cha kumzuia kuyaendesha maisha yake bila msaada. Mpishi hodari hakumbuki tena mpangilio wa pilau aliyoipika kwa miaka 40. Mwenye duka hawezi tena kurudisha chenji. Mzee hupotea njiani kati ya msikiti na nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Maradhi yanayoleta hali hiyo ni kadhaa. Linalofahamika zaidi ni ugonjwa wa Alzheimer, ambao seli za ubongo hufa polepole huku protini zisizo za kawaida zikijikusanya ndani na nje yake. Baada ya huo hufuata demensia ya mishipa ya damu, itokanayo na ubongo kukosa damu ya kutosha. Zamani yalidhaniwa kuwa maradhi mawili yaliyotengana kabisa. Uchunguzi wa ubongo wa watu waliofariki umeonyesha kwamba kwa wazee wengi mambo hayo mawili hukaa pamoja katika ubongo mmoja, na kwamba mishipa iliyoharibika huzizidisha dalili za Alzheimer. Kwa hiyo anayeitunza mishipa yake hupunguza hatari ya pande zote mbili.

Jinsi damu inavyoulisha ubongo

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili. Tena hauna ghala. Damu ikikatika kwa dakika chache, seli zake huanza kufa.

Waliokulia kwenye miteremko ya Kilimanjaro wanaijua mifereji ya asili iletayo maji kutoka mlimani hadi mashambani. Mfereji mkubwa hugawanyika kuwa midogo, na midogo kuwa midogo zaidi, mpaka maji yafike shamba la mwisho. Mfereji ukijaa tope au ukingo wake ukibomoka, shamba la mwisho ndilo linalokauka kwanza. Ubongo nao hulishwa hivyo. Damu hupanda kwa mishipa minne mikubwa ya shingoni, kisha hugawanyika hadi kwenye mishipa myembamba kuliko unywele, inayozama ndani kabisa ya ubongo. Huko ndani ndiko ziliko nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine.

Shinikizo la damu, ambalo wengi tunaliita presha, likikaa juu kwa miaka mingi, kuta za mishipa hiyo midogo huwa nene na kukakamaa. Njia hufinyana, mingine huziba na mingine huvuja. Sukari iliyozidi hujeruhi utando wa ndani wa mishipa. Lehemu mbaya hujikusanya katika kuta za mishipa mikubwa. Moshi wa sigara huyaharakisha yote hayo.

Mshipa mkubwa ukiziba au kupasuka, watu wote huona: mtu amepata kiharusi. Mshipa mdogo ukiziba, mara nyingi hakuna anayejua. Mwenyewe huamka, huenda kazini, hurudi nyumbani, ilhali sehemu ndogo ya ubongo wake imekufa. Maeneo hayo madogo yakiongezeka mwaka hadi mwaka, nyuzi za mawasiliano hukatika na fikra hupungua kasi.

Ndiyo maana demensia ya aina hii si lazima ianze kwa kusahau. Huweza kuanza kwa uzito wa kufikiri: mtu hushindwa kupanga safari, kufuata hatua za kazi aliyoizoea, au kuamua jambo dogo. Miguu huwa mizito, haja ndogo humjia kwa ghafla, na huzuni au ukimya humwingia. Baadhi ya wagonjwa hushuka kwa vipindi: hukaa vilevile kwa miezi, kisha hali hushuka ghafla baada ya kiharusi kipya.

Yaliyoonekana Hai na Dar es Salaam

Kati ya mwaka 2003 na 2006, watafiti wa Tanzania na Uingereza walihesabu visa vipya vya kiharusi katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika sehemu za jiji la Dar es Salaam. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na visa wapatao 109 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Dar es Salaam ilikuwa na wapatao 316, karibu mara tatu.

Katika wilaya hiyohiyo ya Hai, uchunguzi wa mwaka 2009 na 2010 uliwatazama wazee wenye umri wa miaka 70 na zaidi. Ulikuta demensia kwa takriban 6.4 kati ya kila 100, na aina ya mishipa ya damu ilikuwa na sehemu kubwa. Uchunguzi mwingine wa wazee wa Hai ulikuta kwamba karibu 7 kati ya 10 walikuwa na shinikizo la juu la damu. Wengi wao hawakuwa wakijua, na wachache mno walikuwa wamelidhibiti.

Tunajifunza mambo mawili hapo. La kwanza, demensia si ugonjwa wa Wazungu, wala si ugonjwa wa mijini tu. Imo katika vijiji vyetu, kwa wazazi wetu. La pili, tofauti kubwa namna hiyo ya kiharusi ndani ya nchi moja haielezwi na ukoo peke yake. Maisha tunayoishi yana sehemu yake. Nasi wa Silicon Oasis tunaishi mbali na maisha ya kijijini kuliko hata ndugu zetu wa Dar es Salaam. Tunakaa saa nyingi kwenye kiti au kusimama mahali pamoja, tunapanda lifti, tunalala mchana baada ya zamu, na chakula huletwa mlangoni na pikipiki.

Kwa nini umri wa kati una uzito

Jijini London, watumishi wa umma zaidi ya 10,000 wamekuwa wakifuatiliwa kiafya tangu mwaka 1985. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba waliokuwa na shinikizo la juu la 130 au zaidi walipokuwa na miaka 50 walipata demensia kwa wingi zaidi katika miaka iliyofuata kuliko wenzao. Uhusiano huo ulionekana hata kwa wasiopata kiharusi wala ugonjwa wa moyo. Shinikizo lilipopimwa katika umri wa miaka 60 au 70, uhusiano huo haukuonekana vilevile. Hii haina maana kwamba mwenye miaka 65 aache dawa. Dawa bado humkinga na kiharusi. Maana yake ni kwamba ubongo huhesabu miaka yote ambayo mishipa imekuwa ikishinikizwa, na hesabu hiyo huanza mapema.

Je, kulishusha shinikizo husaidia kweli? Nchini Marekani watu 9,361 wenye umri wa miaka 50 na zaidi waligawanywa makundi mawili, moja likilenga shinikizo la juu lisilofika 120 na jingine lisilofika 140. Matokeo ya mwaka 2019 yalionyesha kwamba kundi la kwanza lilipata upungufu mdogo wa kumbukumbu kwa uchache zaidi, takriban asilimia 19. Kwa demensia kamili tofauti haikutosha kuwapa watafiti uhakika.

Kisha yakaja matokeo ya China, yaliyochapishwa mwaka 2025, kutoka vijiji 326 vyenye washiriki karibu 34,000 wa miaka 40 na zaidi, wote wakiwa na shinikizo la juu. Katika nusu ya vijiji, wahudumu wa afya wa kijijini walifundishwa kutoa dawa za bei nafuu, kuwafuatilia wagonjwa na kuwahimiza wajipime nyumbani. Baada ya miaka 4, visa vipya vya demensia vilikuwa pungufu kwa asilimia 15 kuliko katika vijiji vingine. Haikuhitajika mitambo mikubwa. Zilihitajika dawa za kawaida, mashine ya kupimia, na mtu wa kufuatilia.

Mwaka 2024 jopo la wataalamu la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya demensia na ambayo yanaweza kurekebishwa. Miongoni mwake ni shinikizo la juu la damu, kisukari, lehemu mbaya, sigara, unene uliozidi na kutoushughulisha mwili. Lilikadiria kwamba kama yote yangeondolewa, karibu asilimia 45 ya visa duniani vingezuiwa au kucheleweshwa. Zaidi ya nusu, basi, haimo mikononi mwetu. Kwa hiyo tusimlaumu mgonjwa kana kwamba amejitakia.

Si uchawi, wala si laana

Hapa lazima niseme jambo zito. Katika kaunti za Kilifi na Kisii nchini Kenya, na katika baadhi ya mikoa ya Tanzania, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mwezi Oktoba 2021, huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati wa watu. Mzee anayetembea usiku akiwa hajui aendako, anayezungumza peke yake, anayewakana watoto wake, hushukiwa kwa urahisi na wasioujua ugonjwa. Ukisikia kwa simu kwamba mama "amebadilika", au kwamba majirani wamekwisha kunong'ona, usinyamaze. Sauti ya mtoto aliye mbali, anayetuma fedha, ina uzito katika ukoo. Itumie kusema wazi: huu ni ugonjwa wa ubongo, mpelekeni hospitali, na asiachwe peke yake.

Mambo ya kufanya hapa tulipo

Pima shinikizo la damu. Presha haiumi. Mtu hulala nayo na kuamka nayo miaka 10 bila hata kuumwa kichwa. Kila mtu mzima apime angalau mara moja kwa mwaka. Keti dakika 5 ukiwa umetulia, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga sakafu, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla yake. Pima mara mbili uandike namba zote. Kituoni, 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti ni shinikizo la juu. Nyumbani, kipimo hicho ni 135 kwa 85. Mwenye kisukari au ugonjwa wa figo huenda akawekewa lengo la chini zaidi.

Tumia bima yako. Kwa Sheria Na. 11 ya mwaka 2013 ya Dubai, mwajiri ndiye anayemlipia mfanyakazi bima ya afya, wala haruhusiwi kumkata mshahara kwa ajili hiyo. Anayewadhamini watoto, mwenzi wa ndoa au mfanyakazi wa nyumbani ndiye anayepaswa kuwalipia. Wengi hukaa na kadi mfukoni mpaka waugue. Ulizeni kadi zenu zinakubaliwa katika vituo gani hapa Silicon Oasis, kisha mwende mkiwa wazima.

Dawa ukiandikiwa, imeze kila siku. Kosa linalotugharimu zaidi ni kuacha dawa kwa sababu presha imeshuka. Imeshuka kwa sababu ya dawa. Weka akiba ya wiki mbili kabla ya safari ya likizo, na usafiri nazo katika pakiti zake pamoja na karatasi ya daktari.

Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote. Chumvi nyingi tunaila bila kuiona: katika tambi za pakiti, vidonge vya mchuzi, achari, soseji, chipsi na kuku wa dukani. Tusiache vyakula vyetu. Maharage, mchicha, sukuma wiki, kisamvu, samaki, dagaa waliooshwa chumvi, na matunda ni chakula kizuri kwa mishipa. Kinachoharibu ni wali kujaa sahani, mafuta ya kukaangia yanayorudiwa, na chai ya vijiko vinne vya sukari mara tano kwa siku.

Pima sukari na lehemu. Kipimo cha damu cha wastani wa sukari wa miezi 3 humwonyesha daktari hali yako bila kutegemea ulichokula jana. Aliyewahi kupata kisukari cha ujauzito akumbuke kupima kila mara.

Acha sigara, na shisha pia. Maji ya shisha hayausafishi moshi. Nikotini na hewa ya sumu hupita, na kikao cha saa nzima humwingizia mtu moshi mwingi kuliko sigara moja. Mwenye kunywa pombe apunguze, kwani nayo hupandisha shinikizo.

Tembea. Mtu mzima anahitaji angalau dakika 150 za kutembea kwa haraka kila wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Silicon Oasis ina eneo la kilomita za mraba 7.2 tu, na njia zake zinafaa kwa miguu jua likishatua. Sheria ya nchi hii hukataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa alasiri, tangu tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Msitembee nje katika saa ambazo hata kazi imekatazwa. Wakati wa joto kali, tembeeni asubuhi na mapema au ndani ya majengo ya maduka yenye ubaridi. Anayetumia dawa ya presha inayoongeza mkojo amwulize daktari kiasi cha maji anywe.

Lala, sikia, na usikae peke yako. Usingizi mfupi na wa kukatikakatika hupandisha shinikizo. Mwenye kukoroma sana na kuamka amechoka amweleze daktari. Masikio mazito na upweke vimo katika yale mambo 14. Chumba cha watu sita bado kinaweza kuwa na mpweke ndani yake, kila mmoja na simu yake. Mikutano kama huu, ibada, mpira wa jioni, hata kupika pamoja Ijumaa, ni sehemu ya kinga.

Wazazi walio nyumbani

Sikilizeni simu zenu. Mama anayeuliza swali lilelile mara tatu katika mazungumzo mafupi, baba asiyekumbuka kwamba fedha za juzi zimefika, mzazi aliyesahau namba ya siri aliyoitumia miaka mingi, au aliyekuwa mchangamfu na sasa hujibu neno mojamoja, anahitaji kuonwa na daktari. Si kila upungufu wa kumbukumbu ni demensia. Tezi la shingo lisilofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, huzuni kubwa, maambukizi, baadhi ya dawa na masikio mazito vinaweza kufanana nayo, na vingi katika hivyo vinatibika.

Mnaporudi likizo na mizigo, chukueni mashine ya kupimia presha, ile ya kufunga juu ya kiwiko, kwani za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi. Mfundisheni kijana mmoja wa nyumbani kuitumia, naye awe anawatumia namba kwa simu kila wiki. Msiwapelekee wazazi vidonge vyenu wenyewe. Dawa inayomfaa mtu wa miaka 40 yaweza kumwangusha mwenye miaka 75. Watumieni nauli ya kliniki na fedha za dawa waliyoandikiwa huko, na muulize kila mwezi kama imenunuliwa.

Kiharusi: kila dakika ina thamani

Uso ukipinda upande mmoja, mkono au mguu ukilegea, maneno yakivurugika au kukosekana ghafla, usingoje yaishe. Usimpe chakula, maji wala dawa. Tazama saa dalili zilipoanza, kisha piga 998 uite gari la wagonjwa. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa. Dalili zikipita zenyewe baada ya dakika chache, bado nenda hospitali, kwa kuwa hilo ni onyo.

Maswali ambayo huulizwa

Baba yangu alikuwa nayo. Je, nitairithi? Historia ya familia huongeza hatari kwa kiasi, lakini aina zinazorithiwa moja kwa moja ni nadra. Mara nyingi tunachorithi ni presha, kisukari na mapishi, na hivyo vinaweza kudhibitiwa.

Je, dawa za presha humpunguzia mwanaume nguvu? Baadhi yake zinaweza. Lakini presha yenyewe huharibu mishipa ileile inayotumika kwa jambo hilo, nayo isipotibiwa huzidi kuharibu. Mweleze daktari bila haya. Dawa ziko za aina nyingi. Usiache kimyakimya.

Nina presha. Nitafungaje Ramadhani? Mwone daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Dawa nyingi zinaweza kupangwa kwenye daku na futari. Usipunguze dozi kwa uamuzi wako.

Je, vidonge vya kuongeza kumbukumbu au mitishamba husaidia? Hakuna kidonge cha aina hiyo kilichothibitishwa kuzuia demensia. Kitunguu saumu ni chakula kizuri, lakini hakichukui nafasi ya dawa. Ukitumia mitishamba, mwambie daktari.

Mama ameshaanza kusahau. Je, tumechelewa? Uharibifu uliokwisha tokea haurudi nyuma. Lakini kuzuia kiharusi kipya kunalinda kilichobaki, na ratiba ya siku isiyobadilikabadilika, mwanga usiku, miwani, na sauti ya upole humpa maisha mazuri zaidi. Mkumbukeni pia anayemtunza. Mara nyingi ni dada mmoja aliyebaki nyumbani, anayechoka bila mtu kujua. Anastahili msaada wa fedha na wa zamu, na simu ya kumwuliza hali yake mwenyewe.

Ndugu zangu, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ubongo, ukuta ulioanguka haujengeki tena. Kazi yetu yote iko kwenye ufa. Nawaomba mfanye mambo matatu kabla ya Ijumaa ijayo. Kapime shinikizo lako, uandike namba zake. Mpigie mzazi mmoja umwulize namba zake. Na mchukue jirani mmoja ambaye hakuja leo, uende naye kupima.

Maelezo haya ni ya elimu ya jumla na hayachukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Usianze, usibadilishe wala usiache dawa bila kumwona. Kwa dharura piga 998.